Dawa ya Kidonge na Dawa ya Bomba: Watafiti Wameona Nini?



Neno dawa katika Kiswahili chetu lina kazi nyingi. Tunasema dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu. Mkulima wa nyanya wa Ilula akisema, "Leo napiga dawa," kila mtu anajua kwamba atabeba bomba mgongoni aende bustanini. Mama wa mtoto mwenye nimonia akisema, "Nimempa dawa," tunajua amempa kidonge au dawa ya maji aliyopewa zahanati. Neno ni moja. Vitu ni viwili, na havifanani.

Leo tutavilinganisha vitu hivyo viwili. Tutaangalia pia watafiti walivyovipima, hapa Tanzania na kwa jirani zetu wa Kenya.

Cha kwanza ni dawa inayoua bakteria ndani ya mwili. Wataalamu huiita antibayotiki. Wengi wetu tunaijua kwa jina la rangi mbili, kwa sababu baadhi ya vidonge vyake vina rangi mbili. Amoksisilini ni antibayotiki. Tetrasaiklini ni antibayotiki. Penisilini ya sindano ni antibayotiki.

Cha pili ni dawa inayozuia kolinesterasi. Jina hili ni gumu. Tulisome pole pole: ko-li-ne-ste-ra-si. Usiogope ugumu wake, maana dawa ya namna hiyo huenda imo katika stoo yako sasa hivi. Dawa nyingi za kuulia wadudu wa nyanya, vitunguu na kabichi ni za jamii hiyo. Baadhi ya dawa za vumbi tunazochanganya na mahindi ya kuhifadhi ni za jamii hiyo pia.

Kwa nini tuzilinganishe? Kwa sababu katika wilaya kama Kilolo zinakutana. Ilula tunalima nyanya. Ruaha Mbuyuni tunalima vitunguu. Dabaga tunalima viazi na njegere. Mabondeni tuna vinyungu. Bomba linapita kila mahali, na rangi mbili inauzwa dukani. Basi hutokea hivi: mtu amepiga dawa tangu asubuhi. Jioni kifua kinambana. Anakohoa, mate yanamjaa mdomoni, anatapika. Ndugu zake wanasema ni kifua, wanamnunulia rangi mbili. Anameza, analala. Dawa moja imemdhuru, na dawa ya pili haina uwezo wowote wa kumsaidia. Saa zinapita bure, na mtu anaweza kufa.

DAWA YA KIDONGE INALENGA NINI?

Bakteria ni kijidudu kidogo sana. Hakionekani kwa macho. Karibu kila kimoja kimejijengea ukuta kukizunguka, na ukuta huo ndio unaokilinda kisipasuke. Sasa, amoksisilini na penisilini hufanya kazi moja: huzuia ujenzi wa ukuta huo. Ni kama kumwondoa fundi kabla nyumba haijaisha. Maji yanaingia ndani ya kijidudu, kijidudu kinavimba, kinapasuka, kinakufa.

Je, mwili wako una ukuta wa namna ile? Hauna. Chembe za mwili wa binadamu hazina ukuta kama wa bakteria. Ndiyo sababu dawa inaweza kuua kijidudu ikakuacha wewe salama, ukiondoa watu wachache ambao miili yao huikataa dawa hiyo na kuvimba au kuwashwa. Antibayotiki za aina nyingine hupiga sehemu nyingine za kijidudu, lakini shabaha ni ile ile: kile alichonacho adui na usichokuwa nacho wewe.

Hapo tunapata na jibu la swali la mafua. Mafua huletwa na virusi. Virusi havina ukuta ule. Ukimeza rangi mbili kwa ajili ya mafua, dawa inaingia mwilini, inamtafuta fundi wa ukuta, haimwoni. Mafua yataondoka yenyewe baada ya siku kadhaa, nawe utaisifu rangi mbili kwa kazi ambayo haikuifanya.

DAWA YA BOMBA INALENGA NINI?

Hapa fikiria kinyungu chako bondeni. Maji yanaingia kwenye tuta. Tuta linakunywa. Yanayobaki yanatoka kwa mtaro. Mtaro ukizibwa na magugu, maji yanaendelea kuingia lakini hayatoki. Bustani inafurika na mazao yanaoza.

Mwili wako una mishipa ya fahamu inayopeleka amri. Unapotaka kuinua jembe, mshipa wa fahamu humwaga kitu kidogo juu ya msuli, na msuli hukaza. Kitu hicho huitwa asetilikolini. Ndiyo maji ya mfano wetu. Amri ikishafika, kitu hicho lazima kiondolewe mara moja ili msuli ulegee na usubiri amri nyingine. Anayekiondoa ni kolinesterasi. Huyo ndiye mtaro.

Dawa ya bomba ya jamii hii huziba mtaro. Amri zinamiminika bila kukoma. Mdudu anatetemeka, misuli yake inakaza, anashindwa kupumua, anakufa. Kiwavi wa nyanya anayeitwa kantangaze, ambaye ametusumbua tangu alipoingia nchini katika miaka ya 2010, ana kolinesterasi. Inzi anayo. Kuku wako anayo. Na wewe unayo, ya kazi ile ile.

Tofauti kubwa ya dawa hizi mbili ni hiyo. Antibayotiki hupiga kile ambacho wewe huna. Dawa hii ya bomba hupiga kile ambacho wewe na mdudu mnacho sawasawa. Mdudu anakufa kabla yako kwa sababu ni mdogo na amepata kipimo kikubwa kwa mwili wake. Ukipata kipimo kikubwa kwa mwili wako, yatakupata yale yale.

Utaijuaje dawa ya jamii hii? Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Chini ya jina la biashara yameandikwa majina ya viini kwa herufi ndogo. Tazama mwisho wa jina. Likiishia na herufi tatu f, o, s, basi ni mojawapo. Profenofosi na klorpirifosi huandikwa hivyo. Siyo zote zina herufi hizo: dimethoeti ni ya jamii hiyo lakini jina lake haliishii hivyo. Basi ukiwa na wasiwasi mpelekee chupa bwana shamba au bibi shamba, akusomee. Na elewa kwamba dawa za ukungu tunazopiga kwenye viazi na nyanya wakati wa mvua, kama mankozebu, si za jamii hii. Nazo zinahitaji tahadhari, ila haziibi kolinesterasi yako.

WALIVYOPIMA DAWA YA KIDONGE

Mara nyingi twasikia redioni, "Utafiti umeonyesha." Watu wengi hukubali, wengine hukataa. Afadhali kuuliza kwanza: walimpima nani, wakamlinganisha na nani, na kwa muda gani? Tuutazame utafiti mmoja kwa macho hayo.

Katika wilaya ya Rombo, mkoa wa Kilimanjaro, kulikuwa na ugonjwa wa vikope ambao hupofusha macho. Huletwa na bakteria. Mwaka 2000 watafiti waliingia katika kijiji cha Kahe Mpya. Hawakuwatibu wagonjwa peke yao. Waliwapa karibu watu wote wa kijiji antibayotiki iitwayo azithromaisini, kipimo kimoja tu. Kabla ya dawa, watu 9 hadi 10 katika kila 100 walikuwa na bakteria hao machoni. Baada ya miezi miwili walibaki 2 katika kila 100. Baada ya miaka miwili alibaki mtu 1 katika kila 1,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004.

Hapa walilinganisha kijiji kile kile, kabla na baada. Hiyo ni njia nzuri, lakini ina kasoro yake. Katika muda huo, waliokuwa bado na dalili walipewa pia mafuta ya tetrasaiklini ya kupaka machoni. Kwa hiyo mtu asiseme kidonge kimoja peke yake ndicho kilichofanya kazi yote. Ila jambo moja liko wazi: dawa sahihi ilipigana na mdudu sahihi, ikashinda.

Sasa utazame utafiti wa pili. Ulifanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, mwaka 2001 na 2002. Watafiti walichukua damu ya watoto zaidi ya 1,600 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi mwilini. Wakaangalia ni watoto gani wana bakteria katika damu, na kama bakteria hao wanauawa na dawa zilizozoeleka. Katika watoto wenye malaria, walikufa 20 katika kila 100. Katika watoto wenye bakteria wa kundi moja baya ndani ya damu, walikufa zaidi ya 43 katika kila 100. Tena waliopewa dawa ambayo bakteria wao wamekwisha kuizoea walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Hao walikuwa watoto wagonjwa sana, katika hospitali kubwa ya mwisho. Usichukue hesabu hiyo ukaifanya ya kila mtoto mwenye homa kijijini. Lakini linalotuhusu ni lile la bakteria kuizoea dawa. Wataalamu huliita usugu.

Usugu huanza hivi. Katika bakteria wengi, wamo wachache wenye nguvu. Dawa ikitumika ovyo, au kwa kipimo kidogo, au kwa ugonjwa usiohusika, dhaifu wanakufa na wenye nguvu wanabaki. Hao ndio wanaozaa. Wanahama kwa mikono, kwa maji na kwa kinyesi. Wanaweza kumpata mtoto wa jirani ambaye hajawahi kumeza rangi mbili hata siku moja. Kwa hesabu ya watafiti iliyochapishwa mwaka 2022, usugu wa bakteria ulisababisha vifo vya watu wapatao 1,270,000 duniani katika mwaka 2019 peke yake.

Basi madhara ya dawa ya kidonge huja polepole, na mara nyingi humwangukia mtu mwingine. Ndiyo maana hatuyaogopi.

WALIVYOPIMA DAWA YA BOMBA

Kwa dawa ya bomba, watafiti hawaulizi kama mgonjwa amepona. Wanauliza: mtaro wa mpulizaji umeziba kiasi gani? Wanachukua damu kidogo na kupima kolinesterasi iliyomo.

Nchini Kenya walipima wafanyakazi wa mashamba katika sehemu za Naivasha, Wundanyi, Homa Bay na Migori. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Waliweka makundi mawili. Kundi moja lilikuwa la watu wanaoshika dawa, na la pili la watu wasioshika. Kila mtu alipimwa zaidi ya mara moja. Katika wanaoshika dawa, kolinesterasi ilishuka kwa wastani wa 33 katika kila 100. Yaani theluthi moja ya nguvu ya mtaro ilikuwa imekwenda. Katika wasioshika, ilishuka kwa 4 tu. Kuwapo kwa kundi la pili ndiko kunakoupa utafiti huu nguvu. Bila kundi hilo, mtu angeweza kusema damu zilishuka kwa sababu ya njaa, malaria au jua.

Hapa Tanzania, utafiti juu ya wakulima wadogo wa kahawa ulichapishwa mwaka 2001. Damu zao zilipimwa wakati wa kupiga dawa na wakati usio wa kupiga dawa. Haukuonekana mshuko wa maana. Je, watafiti hawa wanapingana? Mimi sioni hivyo. Mkulima mdogo wa kahawa hupiga dawa mara chache kwa mwaka. Kibarua wa shamba kubwa hushika dawa siku hata siku. Watu si wale wale, na kazi si ile ile. Mkulima wa nyanya wa Ilula anayebeba bomba kila juma anafanana na nani kati ya hao wawili? Jijibu mwenyewe.

Upo na utafiti juu ya wakulima wa mboga wa Kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007. Huo haukupima damu, uliuliza maswali. Wakulima 68 katika kila 100 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa. Walitaja kuumwa kichwa, kizunguzungu na matatizo ya ngozi. Karibu theluthi moja walikuwa wanachanganya dawa kadhaa ndani ya bomba moja. Maneno ya mkulima hayana uzito wa kipimo cha damu, kwa maana kichwa huuma pia kwa jua na kwa njaa. Hata hivyo watu 68 katika 100 si wachache wa kupuuzwa.

Jambo moja kuhusu damu kila mpiga bomba alijue. Kolinesterasi iliyozibwa na dawa hizi za f, o, s haifunguki upesi. Mwili hutengeneza nyingine kidogo kidogo, karibu sehemu moja katika mia kwa siku. Aliyepoteza theluthi moja atahitaji mwezi mzima au zaidi bila kugusa dawa. Sasa wewe unapiga kila juma. Jumatatu hii unapoteza kidogo. Jumatatu ijayo unapoteza kidogo juu ya kile ambacho hujakirudisha. Hujisikii lolote. Halafu siku moja unapiga bomba tatu tu, kama kawaida yako, na unaanguka. Watu wanashangaa, "Mbona juzi alipiga bomba sita?"

DAWA YA WADUDU ILIYOMEZWA NA WATU

Usije ukasema kila kitu kinachozuia kolinesterasi ni sumu isiyo na faida. Katika miaka ya 1960, katika kituo cha utafiti wa kichocho mjini Tanga, madaktari waliwapa wagonjwa wa kichocho cha mkojo dawa iitwayo metrifoneti. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1969 na Shirika la Afya Duniani. Metrifoneti ni kitu kile kile ambacho mashambani kiliuzwa kwa jina la triklofoni, dawa ya kuulia wadudu. Ilipooza minyoo ya kichocho, na mayai kwenye mkojo yakapungua. Kolinesterasi katika damu za wagonjwa ilishuka, kisha ikarudi.

Kwa nini wagonjwa hawakufa? Kwa sababu kila mmoja alipimwa uzito. Kipimo kilikuwa kidogo, kilitolewa mara chache, majuma yakipita katikati, na daktari alikuwa karibu. Mpiga bomba hajui ameingiza kiasi gani mwilini kwa ngozi na kwa pumzi. Siku hizi kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, ambayo ni bora na haigusi kolinesterasi. Lakini dawa nyingine za jamii hii bado ziko hospitalini. Baadhi ya wazee wanaopoteza kumbukumbu hupewa, na huwasaidia kidogo.

Nimelieleza hili kwa sababu wapo wanaosikia habari ya namna hiyo nusu nusu, kisha wanajaribu nyumbani. Wengine hupaka dawa ya bomba kichwani kwa mtoto kuua chawa. Ngozi ya kichwa hunywa dawa upesi, na mwili wa mtoto ni mdogo. Usifanye hivyo kabisa.

BUSTANINI NA NYUMBANI

Njia kubwa ya dawa kuingia mwilini ni ngozi, siyo pua peke yake kama wengi wanavyodhani. Bomba linalovuja mgongoni ni hatari kuliko harufu. Lijaze maji matupu kwanza, ulibebe, uone kama mgongo unalowa. Vaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu, gambuti na glovu. Miguu ya suruali iwe nje ya gambuti, dawa isichuruzike ndani. Piga asubuhi au jioni, upepo ukiwa umetulia, na upepo uwe nyuma yako. Pua ya bomba ikiziba, usiipulize kwa mdomo. Ukimaliza, oga kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na anayefua ajue anafua nini. Mara nyingi ni mama au binti, ambaye hakupiga dawa lakini anaipata yote kwenye mikono.

Kunywa maziwa kabla ya kupiga dawa hakukingi. Maziwa hayafungui mtaro uliozibwa.

Usichanganye dawa mbili kwa kufuata majina ya biashara. Majina yanaweza kuwa tofauti na kiini kikawa kimoja, nawe ukawa umepiga kipimo maradufu bila kujua. Fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kabla ya kuchuma. Madumu matupu yatobolewe. Yasiwekwe maji ya kunywa, wala ulanzi. Wala dawa isihamishiwe katika chupa ya soda, hata iliyobaki ikiwa ni tone. Watoto hawajui kusoma harufu.

Mwaka 2025 mataifa yaliyo katika Mkataba wa Stockholm yaliamua klorpirifosi iondolewe katika matumizi, isipokuwa machache yaliyotajwa. Mambo ya usajili wa dawa za mimea hapa nchini yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Bwana shamba anaweza kukuulizia kama dawa uliyo nayo bado imesajiliwa.

Na kidonge? Kimeze kwa ugonjwa ulioonwa na mganga, kwa kipimo na siku alizokuandikia. Usimgawie jirani nusu. Usifungue rangi mbili na kuinyunyiza kwenye kidonda. Usiwawekee kuku katika maji kila wanapozubaa.

MTU AKIANGUKA BUSTANINI

Sasa tumrudie yule mgonjwa wa jioni. Utamtofautishaje na mwenye kifua au malaria? Kumbuka kinyungu kilichofurika. Maji hutoka kila mahali. Jasho jingi. Machozi. Mate na kamasi. Kutapika, kuhara, mkojo usiozuilika. Kifua hujaa maji na hukoroma. Misuli hucheza cheza chini ya ngozi, kisha hulegea. Mtu hupepesuka na maneno yake hayaeleweki, hata wapita njia husema amelewa ulanzi. Mtazame macho. Mara nyingi mboni huwa ndogo kama tundu la sindano. Ukiona hivyo kwa mtu aliyeshika dawa leo au jana, usisubiri kupambazuke.

Mwondoe mahali penye dawa. Mvue nguo zote zilizolowa. Mwoshe mwili na nywele kwa sabuni na maji mengi. Wewe unayemwosha funika mikono, kwa glovu au hata mifuko ya plastiki, ili nawe usiingiwe. Mlaze ubavu, ili matapishi yasimzibe. Usimtapishe. Usimpe maziwa, pombe wala chochote cha kunywa kama fahamu zinapotea. Usipoteze muda dukani kutafuta rangi mbili.

Hospitali wana dawa iitwayo atropini. Huchomwa kwa sindano, na hurudiwa mpaka kifua kikauke na pumzi irudi. Atropini haifungui mtaro, ila huzuia mafuriko wakati mwili unajitengenezea kolinesterasi mpya. Ndiyo sababu mgonjwa hubakizwa wodini hata akisema amepona.

Tabibu hataweza kujua haya kwa kumtazama tu, maana kikohozi na kutapika ni dalili za magonjwa mengi, na huko nyuma watafiti waliowauliza watumishi wa afya katika sehemu za kilimo waliona kwamba wengi walihitaji mafunzo zaidi juu ya sumu hizi. Msaidie. Neno la kwanza mtakalomwambia mlangoni liwe, "Alikuwa anapiga dawa." Mwambieni alianza saa ngapi, na saa ngapi alianza kuumwa. Mkabidhini chupa yenyewe, ikiwa imefungwa vizuri ndani ya mfuko, na karatasi yake isiwe imebanduka.